Safari ya Mafia na Swali la Mama Mmoja



Wapendwa wanaparokia, na ninyi nyote mnaotusoma kila juma mkiwa mbali na nyumbani,

Wengi wenu mmetuuliza baada ya Misa, na wengine kwa simu, ile safari ya vijana kwenda kisiwa cha Mafia imeishia wapi. Tuliitangaza kwa kinywa chetu wenyewe, mbele ya altare, kwamba vijana wetu wangekwenda mwezi Desemba 2025. Noeli imepita, Mwaka Mpya umepita, na basi halikukodiwa. Tunawiwa nanyi maelezo. Na kwa kuwa maelezo hayo yana somo ambalo sisi wenyewe tumelipata kwa aibu kidogo, tumeona ni vema yawe tafakari yetu ya juma hili.

Jambo lenyewe lilianza Msimbati. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, tuliwapeleka vijana wa vigango vyetu ufukweni kwa mapumziko ya siku moja. Wanaoifahamu Msimbati wanaijua ile rasi ya mchanga mweupe na minazi, mahali ambapo barabara huishia mchangani na magari huendelea na safari kando ya maji bahari inapokupwa. Kusini yake Mto Ruvuma unaingia baharini katikati ya mikoko, na ng'ambo ni Msumbiji. Wageni huijua sehemu hii kwa sababu ya gesi iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Wachache hukumbuka kwamba tangu mwaka 2000 eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja.

Kabla ya saa sita mchana simu zilianza kulia: Baba Mtakatifu Fransisko amefariki dunia. Tuliketi mchangani tukasali Rozari. Baada ya sala vijana walitawanyika kimyakimya, na mmoja wao, mwanafunzi wa kidato cha pili na mtoto wa mvuvi, akarudi mbio kutuita. Kulikuwa na kasa mkubwa ametupwa na maji, amekufa, kipande cha jarife kimemzunguka shingo na kikono kimoja. Tulisimama kumtazama. Kijana yule akainama, akaishika kamba, akasema kwa sauti ya chini: "Baba, jarife kama hili hata nyumbani lipo." Kisha akauliza swali ambalo ametupa ruhusa ya kuliandika hapa: "Kuna mahali ambapo mvuvi anakula na kasa haifi?"

Sisi hatukuwa na jibu. Katekista wetu, aliyewahi kufanya kazi Mafia, ndiye aliyejibu. Alisimulia kwamba katika kisiwa cha Juani, kando ya Mafia, aliwaona wanakijiji wakilinda viota vya kasa usiku, wengine wakiwa ni wavuvi waliokuwa wakiyachukua mayai yale yale zamani. Mradi uitwao Sea Sense ulianza kazi hiyo mwaka 2001, ukiwapa malipo kidogo wanakijiji waliotoa taarifa za viota, na baadaye wageni wakaanza kuja kutazama vifaranga wakishuka baharini. Vijana walisikiliza bila kupepesa macho.

Dominika iliyofuata, moyo ukiwa bado umejaa yale ya juma lile, na barua ya *Laudato Si'* ya mwaka 2015 ikiwa mkononi, tukatangaza: "Desemba vijana wetu watakwenda Mafia." Vigelegele vilipigwa. Hatukuwa tumehesabu chochote.

Kazi ya kupanga ilipoanza ilikuwa tamu, hatuwezi kuwaficha. Tulitandika ramani juu ya meza ya ofisi ya parokia, tukawa tunaitazama kila jioni baada ya Masifu. Kisiwa cha Mafia kina urefu wa karibu kilomita 50, kimelala mbele ya delta ya Mto Rufiji. Bahari yake ya kusini na mashariki ndiyo hifadhi ya bahari ya kwanza nchini mwetu, iliyoanzishwa mwaka 1995. Mtu akishuka bandarini Kilindoni, upande wa magharibi, anaweza kukivuka kisiwa kwa barabara ya kama kilomita 15 hadi Utende, upande wa mashariki, na kutoka hapo mashua humfikisha kisiwa kidogo cha Chole kwa muda mfupi. Chole kuna popo wakubwa walao matunda, ambao mchana huning'inia mitini kama nguo zilizoanikwa na magharibi huondoka kwa makundi. Jirani yake ni Juani, penye kasa, na penye magofu ya mji wa Kua uliovamiwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Kaskazini ya kisiwa kikubwa, njia hupita Kirongwe na kuendelea hadi Bweni na mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Ndani ya kisiwa yamo maziwa madogo yenye viboko, ambao watu husema mababu zao walichukuliwa na mafuriko ya Rufiji wakavuka bahari. Viboko kisiwani! Tulicheka peke yetu ofisini kama watoto.

Lakini aliyetuteka zaidi ni papa potwe. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Aliyekomaa kabisa aweza kufikia mita 18, na bado hali watu, bali huchuja maji apate dagaa wadogo na viumbe vingine vidogo mno. Wale wa Mafia hukaribia ufukwe wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, na wengi wao ni madume ambayo hayajakomaa. Kila mmoja ana madoadoa yake mgongoni, tofauti na ya mwenzake, na kwa madoa hayo watafiti humtambua kwa picha mwaka hata mwaka. Tulikwisha kuandika mahubiri kichwani kuhusu Mungu anayemjua kila mmoja kwa alama zake. Desemba ilikuwa imetimia: likizo ndefu ya shule, msimu wa papa potwe, na sisi tungeondoka mara baada ya Noeli.

Tukafungua daftari la majina. Gari dogo tulilokusudia kukodi lina nafasi 15 za abiria: vijana 12 na walezi watatu, yaani katekista, mama mlezi wa vijana, na sisi. Waliojiandikisha walikuwa 34. Tukaona njia iliyo rahisi ni kwamba atakayetanguliza shilingi 50,000 ndiye atakayepata nafasi. Baada ya Dominika mbili nafasi zote 12 zilijaa, tukamshukuru Mungu.

Mwezi Agosti tukaita mkutano wa wazazi. Tuliwaeleza yote kwa furaha: njia, wanyama, popo, papa potwe na mita zake 18. Mwishoni mama mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono. Ni mjane wa mvuvi. Binti yake yuko kidato cha tatu, na jina lake lilikuwa la tano katika orodha.

"Baba Paroko, naomba kuuliza."

"Uliza, mama."

"Hiyo boti ya kutoka Nyamisati ina jaketi okozi ngapi?"

Tulisimama pale na karatasi zetu. Tulijua urefu wa papa potwe. Idadi ya jaketi okozi hatukuijua. Tukasema tungefuatilia. Naye akaendelea, kwa adabu kabisa, bila kuinua sauti: "Sikatai safari, Baba. Ila mwaka 2011 tulisikia ya Spice Islander kule Zanzibar, mwaka uliofuata Skagit, na mwaka 2018 MV Nyerere kule Ukara. Kila mara tunaambiwa watu walizidi. Mimi bahari imekwisha kunichukulia mtu mmoja. Nataka tu kujua kama kuna mtu atakayehesabu watu kabla ya boti kuondoka." Akaketi.

Hakuna aliyesema neno. Kisha mzazi mwingine akauliza nani atalala na mabinti. Mwingine akauliza gari likiharibika porini usiku itakuwaje. Na mama mlezi wetu, ambaye huwa hasemi sana, akauliza swali lililotuumiza kuliko yote: "Baba, na yule mtoto aliyemwona kasa, mbona simwoni katika orodha?"

Tulitazama orodha. Hakuwamo. Shilingi 50,000 kwa Dominika mbili haikuwa jambo la nyumba yao. Orodha yetu ilikuwa na watoto wa watumishi na wafanyabiashara, watoto wema, tunawapenda. Lakini mwenye swali alikuwa ameachwa nyuma, na tuliyemwacha ni sisi kwa kanuni yetu iliyo rahisi.

Majuma machache baadaye, Septemba, Injili ya Dominika ilikuwa Luka sura ya 14, pale Bwana anaposema juu ya mtu atakaye kujenga mnara asiyeketi kwanza kuhesabu gharama, akaishia kuchekwa na wapita njia. Tulihubiri siku hiyo tukiwa tumeinamisha macho. Baadhi yenu mlitabasamu, tuliwaona.

Ndipo tukaanza kupanga upya. Tulikwenda kwanza Msimbati kwa mzee mmoja nahodha, Mwislamu mcha Mungu, ambaye ameijua bahari hii tangu enzi za watu kuvua kwa baruti hadi leo. Tulimsalimu shikamoo, akaitikia, akatupa kiti chini ya mwembe. Tukamweleza tunavyotaka: vijana waone kasa, waone na papa potwe, na warudi salama.

Alicheka. "Padri, unataka misimu miwili katika safari moja."

Na ndivyo ilivyo. Vifaranga vya kasa huko Juani huanguliwa zaidi kati ya Juni na Septemba, maana kiota huatamiwa na joto la mchanga kwa muda wa karibu miezi miwili. Papa potwe huonekana Oktoba hadi Machi. Aendaye Desemba humkosa kasa. Aendaye Juni humkosa papa potwe. Tena Juni na Julai kusi huvuma kwa nguvu, na mkondo wa kati ya Nyamisati na Kilindoni huchafuka. Desemba na Januari bahari yaweza kuwa tulivu zaidi kwa upepo wa kaskazi, lakini huku kusini ndiyo mvua, na barabara yetu ya Mtwara hadi Kibiti tunaijua. Mwezi Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya, kilichoingia nchi kavu kisiwani Mafia kwenyewe, vilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, wasafiri wakakwama siku kadhaa. Na sisi wa Mtwara hatujasahau Aprili 2019, tulipoambiwa tukae ndani kwa sababu ya kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kiliwapiga ndugu zetu wa Msumbiji.

"Subirini demani," mzee akasema. "Kusi likipungua na kaskazi halijaja. Mwisho wa Agosti, Septemba. Halafu msitazame kalenda ya ukutani tu, tazameni na mwezi. Bamvua lina mkondo wake, na boti za bandari kama ile hungoja maji."

Tukamwambia kwamba Septemba shule zina likizo fupi, hivyo yawezekana. Ila Septemba ni mwisho wa viota na ni kabla ya papa potwe. Huenda vijana wakafika wasimwone huyu wala yule.

Mzee akanyamaza kidogo. "Padri, mimi siku nyingi nimetoka nimerudi mikono mitupu. Watu wa nyumbani hawakuniuliza samaki kwanza. Walinitazama mimi."

Wapendwa, tumesoma falsafa miaka yetu, na teolojia miaka yetu, lakini maneno yale tuliyabeba njia nzima hadi nyumbani. Mpango wetu wa kwanza ulijengwa juu ya kile tulichotaka kukiona. Kila kitu kingine, fedha, bahari, hata watoto wenyewe, tulikipanga kimzunguke papa potwe. Mama yule na mzee yule, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu, walikuwa wanatuambia jambo moja: safari hupangwa kuanzia kwa atakayerudi. Na mnyama wa porini hana mkataba nasi. Ana majira yake aliyopewa na Muumba kabla sisi hatujaunda kalenda ya shule. Tukimkuta, ni zawadi. Tukimkosa, hajatukosea.

Sasa basi, mpango mpya ni huu, nasi tunauweka wazi ili kila mzazi auchunguze.

Kwanza, kabla ya Mafia patakuwa na safari ya vijana wote 34, hapa hapa kwetu. Mwezi Agosti tutatembea kwa miguu kutoka kijiji cha Msimbati hadi Ruvula, tukiwa na ruhusa ya hifadhi na mwenyeji wa kijiji, na kulala usiku mmoja chini ya maturubai. Hiyo ni miezi ambayo nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu, na mwenye subira na macho mazuri aweza kuwaona wakipuliza maji mbali. Kasa nao hutaga katika fukwe za huku. Kijana atakayekwenda Mafia aende akijua kilichoko kwao, asije akadhani uumbaji wa Mungu unapatikana kwa nauli tu.

Pili, safari ya Mafia itakuwa katika likizo fupi ya Septemba, siku nane. Tutaondoka Mtwara alfajiri, tupite Lindi na Nangurukuru, tuvuke Rufiji kwa Daraja la Mkapa, tulale Kibiti. Hatutasafiri usiku. Ni zaidi ya kilomita 400, na dereva atakuwa na mwenzake wa kupokezana. Siku ya pili tutashika njia ya Bungu hadi Nyamisati na kuvuka kwa boti hadi Kilindoni. Siku ya tatu ni Utende na Chole, tuwangoje popo wakiondoka jioni. Siku ya nne ni Juani: asubuhi magofu ya Kua, na kama walinzi wa viota watatuambia kuna kiota kilicho tayari, alasiri tutakwenda kutazama. Siku ya tano ni kaskazini, viboko na Ras Mkumbi. Siku ya sita hatukuipangia kitu. Hiyo ni siku ya akiba. Bahari ikichafuka au barabara ikikatika, tunayo siku ya kungoja bila mtu kumlazimisha nahodha. Mpango wetu wa kwanza haukuwa na siku hiyo, na tunaamini ndiyo siku ya maana kuliko zote. Siku mbili za mwisho ni za kurudi.

Tatu, vitu vya kuchukua. Kila kijana awe na barua ya ruhusa ya mzazi, kadi ya bima kwa aliye nayo, chandarua, tochi, kofia, viatu vya kukanyagia matumbawe, na chupa ya maji ya kujaziwa. Kwenye kiota hakuna kumulika kwa tochi wala simu, maana vifaranga hufuata mwanga wa bahari na mwanga wetu huwapoteza njia. Hakuna kumshika kasa, hakuna kuokota kombe wala tumbawe ndani ya hifadhi. Ada za kuingia hifadhini tumeziweka katika bajeti ya pamoja, wala hazitadaiwa kwa mtoto mmoja mmoja. Mabinti watalala na mama mlezi.

Nne, orodha ya zamani imefutwa, na waliotanguliza fedha wamerudishiwa. Kila kigango kimechagua vijana wake, wao kwa wao, na kila nyumba huchangia kadiri ya uwezo. Tunawashukuru ninyi mliotoa korosho katika msimu uliopita. Kuna kilo za korosho katika safari hii kuliko noti. Vijana wa kigango cha pwani walimchagua yule mwenye swali, kwa kauli moja, wala hatukuwaambia.

Hapa pana jambo ambalo hatukulipanga. Baba wa kijana huyo, mwenye jarife nyumbani, alikuja ofisini jioni moja mwezi Novemba. Hakuketi. Aliuliza kama mtu mzima anaruhusiwa kwenda. Alisema angependa kuwauliza wavuvi wa Juani wenyewe, uso kwa uso, wanakula nini siku wasipotega jarife. Maana, alisema, watu wa semina humwambia aache, wala hawamwambii kesho yake atapika nini. Tulimwelewa. Ni rahisi kumhurumia kasa kama chakula chako hakitoki baharini.

Lakini nafasi ni 15, vijana 12 na walezi watatu. Kumwingiza yeye ni kumtoa mmoja. Tulikaa na hesabu hiyo siku tatu, na kila tulipoirudia ilitoa jibu lile lile. Mama mlezi ni lazima aende kwa ajili ya mabinti. Katekista ni lazima aende kwa kuwa anaijua njia. Vijana hawaguswi. Basi mvuvi huyo atakwenda, na sisi tutabaki parokiani kuadhimisha Misa na kuwangoja. Hatutajisifu kwa hilo, maana tunakiri iliuma, na bado inauma kidogo tunapoiona ile ramani. Lakini swali lililoianzisha safari hii liko katika nyumba yake kuliko katika nyumba yetu.

Limebaki jambo moja. Katekista atatangulia hadi Nyamisati mwezi Julai, kwa gharama ya parokia, kuiona boti kwa macho yake. Ataangalia cheti cha ukaguzi, idadi ya abiria walioruhusiwa, na atahesabu jaketi okozi moja moja, akiuliza pia kama zipo za kuwatosha wenye miili midogo. Siku ya safari yeye ndiye atakayehesabu watu, na boti ikizidi idadi, vijana wetu hawatapanda, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Ndiyo maana ya siku ya akiba.

Tulimpelekea mama yule habari hizo nyumbani kwake. Alitusikiliza hadi mwisho, akatupa uji wa ulezi, akasema: "Asante, Baba. Nitajibu katekista akisharudi." Hatukumbembeleza. Imani ya mama huyu kwa Mungu ni kubwa kuliko yetu, na haikumzuia kuuliza idadi ya jaketi. Tusiwafundishe watu wetu kwamba kumtumaini Mungu ni kufumba macho mbele ya boti iliyojaa.

Kwa hiyo katika orodha mpya iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi mtaona majina 11 yameandikwa kwa wino, na la 12, la binti yake, limeandikwa kwa penseli. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tusimweke mwingine aliye tayari. Jina hilo litabaki hapo kwa penseli hadi mama yake aseme neno. Mkipita, mliombee, pamoja na mama, na mvuvi wetu, na kasa wa Juani na wa Msimbati, ambao hawajui kwamba tunawapangia safari.

Mungu awabariki nyote, na juma jema.

Paroko wenu